Kufuli si dawa ya mashindano ya kusafisha kwenye kerneli

Hitilafu ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ikishaelezwa kuwa inatokana na mashindano, hakosi mtu wa kusema papo hapo: weka kufuli ili waingie mmoja mmoja, basi. Mara nyingi jibu hilo linafaa. Kuna aina moja ambayo kufuli peke yake haliitibu, na ndiyo inayojibiwa hivyo kuliko zote: mashindano yanayotokea wakati wa kusafisha.

Maana yake ni fupi. Mashindano ni pale matokeo yanapotegemea nani amewahi, na hakuna aliyepanga nani awahi. Kusafisha ni kurudisha rasilimali zilizochukuliwa, yaani kumbukumbu, taima, interapti (ishara ya kifaa kuiita prosesa) au faili, baada ya kifaa kuchomolewa au prosesi (programu inayoendeshwa) kufa. Ukiviunganisha, unapata upande mmoja unaoachilia kitu huku mwingine bado unakitumia. Kumbukumbu iliyoachiliwa hugawiwa mtu mwingine, na yule wa kwanza anaendelea kuandika juu ya mali isiyo yake. Mashine ikianguka hapo ni nafuu, kwa sababu mvamizi anayeweza kuchagua nini kiwekwe kwenye nafasi ile anaweza kujipatia mamlaka ya juu kabisa ya mashine.

Sasa lile linalochanganywa. Kufuli hupanga zamu kati ya wanaogusa kitu, lakini halisemi chochote kuhusu kitu hicho kitaishi hadi lini. Tena kwenye kerneli kufuli kwa kawaida limo ndani ya kitu chenyewe. Prosesa 0 inashika kufuli, inasafisha, inaliachia, kisha inaita kfree, fanksheni ya kuachilia kumbukumbu. Muda wote huo prosesa 1 ilikuwa imesimama inangoja kufuli hilohilo. Zamu yake inapofika, kufuli lenyewe liko kwenye kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa. Komeo la mlango halizuii nyumba kubomolewa, na aliyekuwa anasubiri mlangoni huangukiwa na ukuta. Kuweka NULL (anwani tupu) kwenye kielekezi kinachoshika anwani ya kitu hakusaidii pia, maana prosesa 1 ilishakisoma na anwani ya zamani imo kwenye rejista yake. Kuongeza msleep, yaani kusubiri kidogo, kabla ya kfree ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa hitilafu inabaki palepale, ila inakuwa adimu na ngumu kuikamata.

Tuiangalie taima kwa karibu. Draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kadi ya mtandao ina taima inayoamka kila sekunde kukagua kama waya umechomekwa. Kadi ikichomolewa, draiva inaita del_timer, halafu kfree. Kwa macho ni safi. Lakini del_timer inaitoa taima kwenye foleni tu. Kama prosesa 1 ilishaitoa yenyewe na sasa iko katikati ya kutekeleza fanksheni yake, del_timer inarudisha sifuri. Sifuri hiyo ina maana kwamba haikukuta taima inayongoja. Haina maana kwamba hakuna kazi inayoendelea. kfree inafuata, na fanksheni inaendelea kusoma kitu ambacho hakipo.

Ndiyo maana ikawepo del_timer_sync, ambayo hairudi mpaka fanksheni imalize. Hapo sasa mazoea ya kuongeza kufuli yanaleta balaa jipya: ukiiita huku umeshika kufuli ambalo fanksheni hiyo nayo inalitaka, watangojana milele.

Na bado kuna taima kutegeshwa upya ili iamke tena. Chukua taima inayoamsha kazi kwenye foleni ya kazi, na kazi hiyo inaitegesha taima tena. Ukizima taima kwanza, kazi itaitegesha. Ukiifuta kazi kwanza, taima itaiamsha. Hakuna mpangilio wa mistari hiyo miwili unaotosha wenyewe. Kerneli ya Linux 6.2, iliyotoka Februari 2023, ilileta timer_shutdown_sync: inangoja kama del_timer_sync, kisha inaifanya taima isiweze kutegeshwa tena, na anayejaribu anapuuzwa kimya kimya. Toleo hilohilo liliipa del_timer_sync jina la timer_delete_sync, kwa hiyo usishangae ukikutana na majina yote mawili, ingawa yale ya zamani, del_timer ikiwemo, yaliondolewa kwenye kerneli mwaka 2025.

Dawa basi ina hatua tatu, na zinafuatana: zuia wapya wasikifikie kitu, ngoja waliokwisha kukishika wakiachie, ndipo ukirudishe. Kufuli linasaidia hatua ya kwanza. Watu hurukia ya tatu, na ya pili haimo kabisa kwenye kiraka, yaani mabadiliko ya kurekebisha kosa.

Hatua ya pili ina vyombo vyake. Kimoja ni kaunta ya marejeo: kila anayekishika kitu anaongeza moja, anayekiachia anapunguza, na anayefikisha sifuri ndiye anayefuta. Hapo nako kuna shimo. Unakitafuta kitu kwenye jedwali, unakiona, na kabla hujaongeza kaunta mwenzako anaifikisha sifuri. Aliyekufa hafufuliwi, ndiyo maana kuna refcount_inc_not_zero, inayokataa kuongeza pale ilipokuta sifuri. Ila kaunta imo ndani ya kitu, kwa hiyo kumbukumbu yake lazima iwepo angalau mpaka uisome. Hapo ama kufuli la jedwali lenyewe, lililo nje ya kitu, ndilo linalokulinda, ama RCU (read-copy-update), mbinu iliyoingia Linux mwaka 2002, ambayo huahirisha kufuta hadi wasomaji wote waliokuwemo watoke.

Mfano ambao ningependa kila anayejifunza haya ausome ni udhaifu wa usalama uliosajiliwa kwa namba CVE-2017-2636, kwenye draiva ya n_hdlc, inayoshughulikia itifaki ya mawasiliano ya HDLC. Orodha zake za bafa (nafasi za kushikilia data kwa muda) zilikuwa na makufuli. Lakini bafa iliyoshindwa kutumwa ilikuwa inawekwa kando, kwenye kielekezi kiitwacho tbuf, nje ya orodha yoyote. Fanksheni ya kutuma na ile ya kusafisha foleni ziliweza kukikuta kielekezi hicho kwa pamoja, kila moja ikairudisha bafa ileile kwenye orodha ya bafa huru, na wakati wa kufunga ikaachiliwa mara mbili. Kosa liliingia mwaka 2009 na Alexander Popov akalitangaza 2017. Kiraka chake kiliiondoa tbuf kabisa: bafa iliyoshindwa inarudi kwenye orodha, na kila bafa ina mwenyewe mmoja wakati wowote.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeandika kwenye maelezo ya kiraka kwamba umeongeza kufuli ili kuondoa mashindano, andika pia ni nani aliyekuwa bado amekishika kitu hicho, na ni mstari upi sasa unaomngoja. Majaribio kupita hayatoshi: KASAN, chombo cha kunasa makosa ya kumbukumbu kilichoingia kwenye kerneli 4.0 mwaka 2015, hupiga kelele pale kumbukumbu iliyoachiliwa inapoguswa kweli, na pande mbili zisipogongana siku hiyo kitakaa kimya. Ukishindwa kuutaja mstari huo, usikitume kiraka kwanza.