Brashi ya sifuri tatu haitakuokoa

Sitaki tena kuulizwa brashi ya sifuri tatu (000), ile ndogo sana, inauzwa wapi Lubumbashi. Wiki hii ameniuliza kijana wa Katuba, kabla yake fundi mmoja wa simu, na kabla yao karibu kila mtu aliyewahi kuweka kisanamu cha mchezo alichokipaka rangi mezani kwetu siku ya Jumamosi, tunapokaguana kazi. Maelezo ni yaleyale: "Yaya, kupaka macho ya kisanamu kunanishinda, brashi yangu ni kubwa." Kinachoniudhi zaidi ni wale wanaoombwa maoni, maana nao wanajibu hivyohivyo. Mtu analeta joka lisilo na kivuli hata kimoja, rangi imejaa kwenye mifereji ya magamba mpaka hayahesabiki, na wenzake wanamwambia nini? Tafuta brashi ndogo. Anaondoka na ushauri huo, anaagiza brashi kwa mtu anayevuka mpaka wa Kasumbalesa, na mwezi unaofuata anarudi na joka lingine lilelile.

Kinachokushinda ni maji. Ukishayaweza maji, kitakachokushinda ni mwanga.

Namba iliyo kwenye mpini haikuambii utapata mstari mwembamba kiasi gani. Mstari unatoka kwenye ncha. Namba inakuambia ukubwa wa tumbo, yaani nywele zinabeba rangi kiasi gani, na hata hapo namba 1 ya kiwanda hiki si namba 1 ya kile. Brashi ambazo wapaka visanamu wengi wanazihusudu, Series 7 za Winsor & Newton, zilianza mwaka 1866 kwa agizo la Malkia Victoria, aliyetaka brashi bora za rangi za maji katika namba aliyoipenda mwenyewe. Namba saba. Ni brashi nono, lakini ilowanishe uone ncha inavyochongoka. Mimi visanamu vya milimita 28 navipaka kwa namba 1 tangu mwanzo hadi mwisho, macho yakiwemo, na koti kubwa nalipaka kwa namba 2.

Sasa chukua hiyo sifuri tatu. Nywele zake ni chache na fupi, zinabeba tone dogo, na tone hilo linakauka njiani, kati ya paleti, yaani kibao cha kuchanganyia rangi, na pua ya kisanamu. Akriliki, rangi tunayopakia, inakauka kwa kupoteza maji; chembe zake za plastiki zikishashikana, hakuna maji yatakayozirudisha. Huko Nottingham, Uingereza, yaliko makao ya Games Workshop, kampuni ya visanamu, hewa ina unyevu na mtu anapata muda kidogo. Hapa kwetu mwezi wa Julai na Agosti midomo inapasuka kwa ukavu na vumbi jekundu linaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Brashi inafika usoni ikiwa na rangi iliyokwisha kuganda. Haiachi kitu, unakandamiza. Nywele zinatawanyika, linatoka doa lenye chembechembe, unalifunika kwa doa lingine. Jicho limevimba, na wewe umeshaanza kuulizia sifuri tano.

Halafu kuna wajuzi wa daraja la pili, ambao wameshasikia habari za maji. Dawa yao ya kila ugonjwa ni moja: "Ongeza maji, rangi iwe kama maziwa." Maziwa gani? Ya unga yaliyokorogwa na mwenye kubana matumizi, au yale mazito ya kopo? Tuseme umepata maziwa yako. Unachovya brashi mpaka kwenye bati linaloshika nywele, unagusa shavu, na rangi yote inakimbilia shingoni na kuacha alama ya duara ikikauka. Unaambiwa umezidisha maji. Unapunguza, rangi inakuwa nzito, michirizi inaonekana, unaambiwa ongeza maji. Nimeona watu wazima wakizungushwa hivi mpaka wakaacha kupaka kabisa.

Hapa ndipo ningependa kila anayetoa maoni atulie kidogo. Wepesi wa rangi ni jambo moja, na wingi wa rangi iliyomo kwenye brashi ni jambo lingine. Rangi nyepesi sana kwenye brashi iliyokaushwa vizuri inatulia pale unapoiweka. Hiyo ndiyo glezi. Rangi ileile kwenye brashi iliyojaa inatiririka na kutafuta mabonde, na hiyo ni woshi. Chupa moja, maji yaleyale, kazi mbili tofauti. Kinachozitenganisha ni kipande cha karatasi ya chooni.

Kwa hiyo fanya hivi. Chovya nusu ya nywele tu. Zungusha ncha kwenye paleti mpaka ichongoke. Kisha gusisha tumbo kwenye karatasi yenye unyevu, ncha isiguse, mara moja tu, utaona karatasi inanywa. Chora mstari kwenye ukucha wa kidole gumba. Mstari ukisimama ulipouweka, nenda usoni haraka. Ukitanuka, rudi kwenye karatasi. Ukikatika, rudi kwenye maji. Angalia pia unavuta kuelekea wapi, kwa sababu rangi hurundikana pale unapoinulia brashi. Ukipaka kivuli, malizia kivulini. Ukipaka mwanga, malizia kwenye mwanga. Mchanganyiko mwingi wa kivuli na mwanga unaosifiwa kuwa ni uchawi ni jambo hili dogo lililorudiwa kwa subira, tabaka juu ya tabaka, kila moja likiachwa likauke.

Uwiano wa rangi na maji usiniulize, sina. Nina chupa mbili nyekundu za mililita 17 za kiwanda kimoja: ya kwanza inaridhika na tone moja, ya pili kwa tone hilohilo inaachia madoa. Nyeupe ndiyo inayonidhalilisha kuliko zote. Naiongezea maji inakuwa chaki, naipunguzia inakuwa chaki nzito. Anayekupa uwiano kwa namba ana chupa moja tu nyumbani.

Mengine nayapita. Praima, ile rangi ya msingi ya kupulizia: tabaka jembamba, upulizie nje asubuhi kabla upepo haujaamka, na msimu wa mvua usipulizie mvua ikinyesha kwa sababu itakauka na ungaunga. Paleti ya maji mnaijua: kopo bapa, sponji, karatasi ya kuokea. Ukiifunga siku nyingi inaota ukungu.

Na kwa wanaodhani udogo wa kifaa ndio ufundi: katika mji huu huu, ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville, palikuwa na mchoraji aitwaye Bela, katika ile karakana ya Pierre Romain-Desfossés ya miaka ya 1940. Bela alichora kwa ncha za vidole vyake. Wanyama, majani, samaki, vyote kwa madoa ya vidole. Nendeni mkaangalie picha zake kisha mrudi mnieleze habari za sifuri tatu.

Nadhani najua imani hii inatoka wapi. Inatoka kwenye simu. Uso wa kisanamu cha milimita 28 una urefu wa milimita nne hivi. Mtu anapiga picha, anaivuta kwa vidole viwili, na uso unajaza kioo kizima. Hapo mboni ya kushoto imepanda juu kidogo, basi maoni yote yanakwenda kwenye mboni. Anayepeleka kazi Golden Demon, shindano la Games Workshop lililoanza 1987, ana haki ya kujali mboni. Lakini kisanamu chako kitasimama mezani, umbali wa mkono, na kwa umbali huo jicho halioni mboni. Linaona kama kichwa kimeachana na koti, kama shoka linang'aa, kama kuna upande wa juu na upande wa chini. Kwenye visanamu vingi vinavyoletwa, koti, uso na buti vina mwanga uleule mmoja, na hakuna brashi inayotibu hilo.

Maoni bora niliyowahi kupata hayakutoka kwa mpaka visanamu. Yalitoka kwa mzee mmoja anayegonga picha kwenye bati za shaba, mtu asiyejua kibwengo ni nini na hataki kujua. Nilikuwa nimepaka ngao ya shaba kwa rangi za kawaida zisizo na chembe za metali, nikiishusha polepole kutoka kahawia hadi machungwa, laini kabisa. Akaigeuzageuza.

"Hii ngozi ya nani?"

"Ni shaba, papa."

"Shaba haiwi hivi, mtoto wangu. Tazama."

Akainamisha bati lake dirishani. Kwenye mkunjo, weusi ulikuwa umegusana na mwanga, bila kitu katikati. Na mwanga wenyewe ulikuwa na wekundu wa machungwa, ukaja kuwa mweupe pembeni tu, mstari mmoja. Nilirudi nyumbani nikaufuta ule ulaini wote niliokuwa najivunia, kwa namba 1 ileile. Hakusema "safi", hakusema "nunua hiki". Alitaja kitu anachokiona, akataja kinapokosekana. (Mnaosaga malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, kupata kutu ya kijani ya shaba, acheni: vumbi lile ni sumu mapafuni, na kijani chake kimekolea mno. Kutu ya shaba imepauka na ina ubluu.)

Kwa hiyo ukiombwa maoni, shika kisanamu kwa mkono ulionyooka, finya macho, na useme jicho lako limekwenda wapi kwanza. Halafu muulize mwenyewe alitaka liende wapi. Majibu yakitofautiana, hapo pana kazi. Taja jambo moja. Ukitaja saba atarekebisha lile rahisi. Wengine wanapendekeza picha isiyo na rangi ili kupima mwanga na kivuli. Naitumia, ila siiamini sana: simu nyingi zinajiongezea mwanga zenyewe, na nyekundu iliyokolea inatokea nyeusi kuliko jicho linavyoiona.

Hata kuhusu macho sina hakika. Nusu ya visanamu vyangu havina macho. Naweka kivuli cheusi chini ya paji, mwanga juu ya shavu na kwenye pua, na watu wanaapa kwamba wanatazamwa. Huenda ni ufundi, huenda ni uvivu uliopata bahati.

Jumamosi leteni visanamu vyenyewe, picha ziacheni nyumbani. Umeme ukikatika tutakaa dirishani, au mwenye taa nyeupe ya betri aje nayo. Mshumaa hapana: chini ya mshumaa hata kibwengo wa kijani anakuwa wa kahawia, na tutabishana mpaka usiku juu ya rangi ambayo hakuna aliyeipaka.