Kugandisha mayai na viinitete: maswali yaliyotoka Tanga

Kipindi cha redio kuhusu ugumba kiliisha, maswali hayakuisha. Wengi walioandika ni wanawake wa Tanga mjini, wachache wa Muheza na Pangani, na baba mmoja. Wamesikia kuna watu wanaweka mayai yao ya uzazi maabara, Dar es Salaam au nje ya nchi, wakazaa baadaye. Nimechukua yaliyojirudia na kuondoa majina.

Nesi, shikamoo. Hilo yai linagandishwa vipi? Linawekwa friza kama samaki?

Marahaba. Friza ya nyumbani hufika nyuzi 18 hivi chini ya sifuri, na kwa yai la binadamu hilo bado ni joto. Mayai na viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa na kuanza kugawanyika, hukaa kwenye naitrojeni ya maji (gesi iliyopozwa mpaka ikawa majimaji), nyuzi 196 chini ya sifuri. Ukitaka kuiona naitrojeni hiyo huna haja ya kwenda kliniki ya uzazi. Nenda kwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa pale Pongwe siku anapomwita mtaalamu wa uhimilishaji. Atafungua mtungi, mvuke mweupe utafurika ukingoni na kushuka chini, kisha atachomoa mrija mwembamba kwa koleo refu na kuutumbukiza kwenye maji ya vuguvugu kwa nusu dakika hivi kabla ya kumhudumia ng'ombe. Mbegu ya dume iliyomo huenda ilikusanywa miaka iliyopita. Naitrojeni ya maabara ya uzazi ni hiyohiyo.

Ila yai ni kazi nyingine. Mbegu ya kiume ni ndogo na haina maji mengi, ndiyo maana watoto wa mbegu zilizogandishwa walianza kuzaliwa Marekani tangu 1953. Kwa kiinitete, dunia ilisubiri mpaka 1984, Melbourne, Australia. Yai lenyewe lilifaulu 1986, Adelaide, nchi hiyohiyo, na bado kwa miaka karibu 20 iliyofuata matokeo yalikuwa ya kubahatisha. Tatizo ni maji. Yai ndiyo seli kubwa kuliko zote mwilini mwa mwanamke, kipenyo chake sehemu ya kumi ya milimita, na limejaa maji. Ukisahau nyanya friza, ukiitoa inalegea na kuchuruzika, kwa sababu vipande vya barafu vimeichana kwa ndani. Ndivyo mayai yalivyoharibika yalipokuwa yakigandishwa polepole.

Siku hizi maji hayapewi nafasi ya kuwa barafu. Mtaalamu, macho yake kwenye hadubini, huliweka yai kwenye dawa inayovuta maji nje. Yai husinyaa akiliangalia, halafu hujaa tena taratibu kadiri dawa inavyoingia. Dakika 10 hadi 15. Kisha hulihamishia kwenye dawa kali zaidi, na hapo ana dakika moja hivi tu, kwani dawa hiyo ikizidi muda inakuwa sumu. Hulinyonya, huliweka kwenye ncha ya kijiti chembamba cha plastiki na tone dogo mno la dawa, na kulizamisha. Joto hushuka kwa kasi inayozidi nyuzi 20,000 kwa dakika, maji yakawa kigumu kisicho na barafu. Njia hii ilipozoeleka, mwaka 2012 chama cha wataalamu wa tiba ya uzazi cha Marekani kiliacha kuhesabu ugandishaji wa mayai kuwa majaribio.

Dada, mimi ni mwalimu, nina miaka 38, sijaolewa. Nimeshachelewa?

Mlango haujafungwa, ila sitakudanganya. Msichana huzaliwa na mayai yake yote, milioni moja mpaka mbili. Akivunja ungo yamebaki kama 300,000 hadi 400,000. Yanapungua kila mwezi, na baada ya miaka 35 yanayobaki yanazidi kuwa na hitilafu za kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli. Kugandisha kunalishika yai katika umri wa siku hiyo, hakulirudishi nyuma. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walikokotoa hivi: ili kuwa na uwezekano wa asilimia 75 wa kupata angalau mtoto mmoja, mwanamke wa miaka 34 anahitaji mayai 10 yaliyokomaa, wa miaka 37 anahitaji 20, wa miaka 42 anahitaji 61. Kwa umri wako, awamu moja ya sindano za kukuza mayai mara nyingi haifikishi 20. Kwa hiyo bei utakayotajiwa mwanzoni, jua huenda ukailipa mara mbili au tatu, na juu yake ada ya hifadhi kila mwaka.

Kabla hujatoa hata shilingi, pima homoni ya AMH na ufanyiwe ultrasaundi ya kuhesabu vifuko vya mayai. AMH inakadiria idadi, haikwambii ubora.

Na kuna jambo matangazo huliruka. Yai litabaki na miaka 38, wewe hutabaki nayo. Ukibeba mimba ukiwa na 46, presha ya ujauzito na kisukari cha mimba havitaangalia umri wa yai, vitaangalia wako. Kwenye nchi zilizozoea huduma hii, wengi walioweka mayai hawajarudi kuyachukua. Baadhi walishika mimba kwa njia ya kawaida, wengine hawakupata mwenza. Sikukatazi. Kama una uwezo na umeelewa hesabu, fanya mwaka huu kuliko mwakani.

Mwanangu ana miaka 27, amekutwa na saratani ya titi. Wanasema dripu zitamharibu kizazi. Tufanyeje?

Pole sana mama. Ulizeni leo, kabla ya dripu ya kwanza. Baadhi ya dawa za saratani, mojawapo cyclophosphamide, huua mayai yaliyomo kwenye ovari, na yakishakufa hayarudi. Kuyatoa na kuyagandisha huchukua kama wiki mbili. Zamani ilibidi kusubiri hedhi. Sasa sindano zinaweza kuanza siku yoyote ya mzunguko. Kwa saratani ya titi inayolishwa na homoni, madaktari huongeza vidonge vya letrozole ili estrojeni isipande sana.

Mwenye kauli juu ya wiki hizo mbili ni daktari wa saratani. Saratani nyingine, hasa baadhi za damu, hazingoji hata siku tatu, na akisema hivyo tibuni saratani. Linaloniuma ni kwamba mara nyingi swali haliulizwi kabisa. Daktari anapigania uhai, familia inaona aibu kutaja uzazi mbele ya mgonjwa, binti mwenyewe ananyamaza asije akaonekana hajui kipaumbele. Mwaka mmoja baadaye amepona, hedhi haijarudi, ndipo anauliza. Kwa kijana wa kiume ni rahisi zaidi, mbegu hutolewa siku hiyohiyo bila sindano hata moja, lakini naye asipokumbushwa hukosa.

Sindano zote hizo hazitamaliza mayai yangu?

Hapana. Kila mwezi kundi la mayai huanza kukua, moja hukomaa na mengine hufa. Sindano huyaokoa yale ambayo yangekufa. Hatari iliyopo ni ovari kuvimba kupita kiasi: tumbo linajaa maji, unatapika, unapumua kwa shida. Hali mbaya ya namna hiyo ni nadra siku hizi, ila ikikukuta ukiwa umesharudi Tanga nenda hospitali ya Bombo haraka na uwaambie wazi umetolewa mayai. Usijifiche ukasema ni malaria.

Umeme ukikatika, si vyote vinaoza?

Hili ndilo swali bora katika yote. Mtungi hautumii umeme kugandisha. Una kuta mbili zisizo na hewa katikati, na ubaridi unatoka kwenye naitrojeni yenyewe, ambayo hupungua polepole kwa kuwa mvuke. Umeme ukikatika usiku kucha, yai lililomo halina habari. Wanaotaabika ni inkubeta, ambamo viinitete vibichi hukuzwa siku tano au sita kabla ya kupandikizwa au kugandishwa, pamoja na ving'ora vinavyolinda mitungi.

Mtungi unaponzwa zaidi na uzembe na hitilafu. Machi 2018, Cleveland, jimbo la Ohio, mayai na viinitete zaidi ya 4,000 viliharibika katika hospitali kubwa baada ya joto kupanda ndani ya mtungi, na king'ora cha kuwaita watu wakiwa mbali kilikuwa kimezimwa. Wikiendi hiyohiyo mtungi mwingine ukaharibika San Francisco. Miji yote miwili umeme wao ni wa uhakika. Kwa hiyo ukienda kliniki, uliza nani anapima kina cha naitrojeni na kukiandika, na siku ya Idi au Krismasi ni nani. Uliza naitrojeni inatoka wapi, gari likichelewa kuna akiba ya siku ngapi, na kama mtungi mzima wa ziada upo. Uliza kama watu wawili huhakiki jina na namba kwenye kila kijiti. Omba uoneshwe daftari. Mimi kliniki inayonikunjia uso kwa swali hilo nisingeiachia hata nywele zangu.

Nina VVU. Watanikataa?

Kuwa na VVU peke yake si sababu. Kila mtu hupimwa VVU, homa ya ini B na C na kaswende kabla ya kuhifadhiwa, na maabara makini huweka vya wenye maambukizi kwenye mtungi wa peke yake. Uwe umeshafubaza virusi.

Mimi na mchumba wangu tugandishe mayai au viinitete?

Kwa maabara, kiinitete ni rahisi. Kikigandishwa siku ya tano au ya sita, uwezekano wa kuamka salama unazidi asilimia 95. Mayai hupungua kidogo kuliko hapo, na yakiamka lazima mtaalamu achome mbegu moja ndani ya kila yai kwa sindano, kwa sababu ganda lake limekuwa gumu. Halafu ukiwa na viinitete unajua una vingapi. Ukiwa na mayai unajua tu idadi ya mayai.

Kwa maisha, mambo yanageuka. Yai ni lako. Kiinitete ni chenu wawili. Natallie Evans, mwanamke wa Uingereza, alihifadhi viinitete sita mwaka 2001 yeye na mwenzake, kabla ya ovari zake kuondolewa kwa sababu ya uvimbe uliokuwa ukielekea kuwa saratani. Mwaka uliofuata wakaachana, mwanamume akaondoa ridhaa yake. Alipeleka kesi mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya na Aprili 2007 akashindwa. Viinitete vile ndivyo vilikuwa nafasi yake pekee ya kuzaa mtoto wa damu yake. Alimwamini mwenzake, kama unavyomwamini wako.

Uchumba bado si ndoa, mdogo wangu. Gandisha mayai, au gawa nusu kwa nusu. Na someni mkataba kwa sauti mkiwa pamoja: tukiachana, mmoja akifariki, tukishindwa kulipa ada miaka miwili, kinatokea nini? Palipoachwa wazi, jazeni kabla ya kusaini.

Dini inasemaje?

Muulize sheikh au padri wako. Mimi nakupa mwanga tu. Kwa Waislamu, fatwa ya Sheikh Jad al-Haq wa Misri ya mwaka 1980 iliruhusu mimba ya maabara kati ya mume na mke bila mtu wa tatu, na wanazuoni wengi wa Kisunni wamefuata njia hiyo: ndoa ikivunjika kwa talaka au kifo, viinitete havitumiki tena. Darul Ifta ya Misri, ofisi ya kutoa fatwa, imeruhusu pia kugandisha mayai kwa masharti ya namna hiyo. Kanisa Katoliki linapinga mimba ya maabara na ugandishaji wa viinitete; waraka wake wa 2008 ukataja na mayai.

Yakikaa sana hayachachi?

Hayachachi. Kwenye ubaridi ule kemia yote imesimama. Marekani wamezaliwa watoto kutoka viinitete vilivyokaa miaka 30, na Uingereza tangu Julai 2022 sheria inaruhusu hifadhi hadi miaka 55, ilimradi ridhaa ihuishwe kila miaka 10. Watoto wenyewe, tafiti hazijaonesha ongezeko la kasoro za kuzaliwa linalotokana na kugandishwa.

Mkwe wangu ana miaka minne kwenye ndoa, hajashika mimba. Nimwambie mwanangu ampeleke akagandishwe?

Hapana, mama. Kugandisha ni kwa anayetaka kungoja. Hawa wamengoja vya kutosha. Wapimwe, na waanze wote wawili. Kipimo cha mbegu za mwanamume ni rahisi kuliko vyote, na wanaume wetu hukikwepa mpaka mke amemaliza ultrasaundi, picha ya mirija na waganga watatu. Wengi huku kwetu mirija imeziba kwa maambukizi ya zamani yasiyotibiwa. Ikibidi wapandikize mimba, viinitete vitakavyobaki ndivyo vitagandishwa.

Nikiamua, nitasafiri mara ngapi?

Usipange kwenda na kurudi na basi. Sindano ni siku 10 hadi 14, na katika hizo unaangaliwa kwa ultrasaundi kila baada ya siku chache, kwa hiyo tafuta ndugu wa kukaa kwake Dar es Salaam kwa wiki mbili. Sindano kadhaa unaweza kujichoma mwenyewe tumboni. Uliza zipi zinataka friji na ubebe kwenye kiboksi cha barafu. Sindano ya mwisho, ya kukomaza mayai, hupigwa kwa saa kamili, mara nyingi usiku, na mayai hutolewa saa 36 hivi baadaye. Ukichelewa sana yanaweza kudondoka yenyewe kabla hujalala kitandani. Unapewa usingizi mwepesi, kazi yenyewe haizidi nusu saa. Uwe na mtu wa kukushika mkono kutoka pale, na basi la Tanga liwe la kesho kutwa.