Maana ya "pointi" katika bajeti ya umeme wa nyumba mpya

Fundi wa stima jijini Nairobi akiombwa makadirio ya nyumba inayojengwa, swali lake la kwanza mara nyingi huwa ni pointi ngapi. Pointi ni mahali ambapo waya kutoka bodi kuu (kisanduku kinachogawa umeme nyumbani) unaishia ili umeme upate kutumika, iwe ni kwenye soketi, taa, shawa ya maji moto au jiko. Ujira wa fundi huhesabiwa kwa idadi hiyo ya pointi.

Utata ni kwamba neno lenyewe halina mpaka mmoja. Yupo fundi anayehesabu taa na swichi yake kuwa pointi moja, na yupo anayezihesabu mbili, kwa hiyo makadirio mawili yenye bei ileile kwa kila pointi yanaweza kutofautiana karibu maradufu upande wa taa. Ni vyema jambo hili liandikwe kabla ya malipo ya kwanza. Soketi pacha, kwa upande wake, kwa kawaida huhesabiwa pointi moja, kwa kuwa ukuta huchimbwa mara moja na paipu ni ileile; anayeweka soketi ya tundu moja ili kubana matumizi haokoi kitu cha maana.

Pointi pia hazilingani kwa gharama ya vifaa. Taa hutumia waya wa milimita 1.5 za mraba na soketi za kawaida 2.5, ilhali shawa na jiko huhitaji laini zao wenyewe zenye breka zake (swichi za usalama zinazojikata umeme ukizidi), kwa waya wa 6 au mnene zaidi. Soketi ya pini tatu hubeba ampea 13, yaani takriban wati 3,120 kwa umeme wa volti 240, na birika la umeme peke yake laweza kula wati 2,000 au zaidi. Ndiyo maana jikoni kunastahili pointi nyingi kuliko sebuleni, ingawa wenye nyumba wengi hufanya kinyume kwa kuupenda mno ukuta wa televisheni.

Hesabu ya kuaminika hufanywa ndani ya nyumba yenyewe kabla ya plasta, chaki mkononi, pamoja na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli nchini Kenya. Chora mahali friji itakaposimama, pande zote mbili za kitanda, na upande ambao mlango ukifunguliwa hautaficha swichi; kisha kila alama ipewe namba, na namba hiyohiyo iandikwe kwenye karatasi ya makadirio. Kuongeza pointi wakati huo ni suala la paipu, kisanduku na mita chache za waya. Baada ya rangi, ukuta hukatwa, hupigwa plasta upya, na mara nyingi hupakwa rangi wote, kwa sababu kiraka hakifichiki.