Namba tasa ndani ya malipo ya chumba cha hoteli

Mgeni yuko Berlin, anataka chumba Jambiani, Zanzibar. Anaandika namba ya kadi yake kwenye simu, anabonyeza, na namba ile inapita kwenye mitambo ya kampuni nyingi na nchi kadhaa kabla haijafika. Njiani wapo wenye uwezo wa kuichungulia, lakini wakichungulia wanakuta vurugu ya tarakimu tu. Nikialikwa kuzungumza na watu wa utalii, mara nyingi huulizwa kwa nini chuo kimlipe mtu akae na namba tasa mwaka mzima. Jibu langu ni malipo hayo ya Jambiani.

Namba tasa ni zilezile tulizofundishwa shule ya msingi tulipotafuta KDS na KKS: 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea, zisizogawanyika ila kwa 1 na zenyewe. Wagiriki walithibitisha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba hazina mwisho. Wengi waliozichunguza karne zilizofuata hawakudai kuwa zina kazi yoyote mtaani. Mwaka 1940 mwanahisabati Mwingereza G. H. Hardy aliandika kwa fahari kwamba hakuna aliyekwisha kugundua matumizi ya kivita ya nadharia ya namba. Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, wakiwa chuo kikuu cha MIT nchini Marekani, wakazigeuza kufuli.

Ni kufuli la kubana: yeyote anaweza kulifunga, ila kulifungua ni kwa mwenye ufunguo peke yake. Chukua karatasi tulione likifanya kazi. Zidisha 3 na 11 upate 33. Watangazie watu wote hiyo 33, na waambie kwamba anayetaka kukutumia siri aipandishe kwenye kipeo cha tatu, agawanye kwa 33, kisha akutumie baki. Tuseme siri ni 4. Basi 4 × 4 × 4 ni 64. Ukigawanya kwa 33 inabaki 31. Inayosafiri ni 31. Wewe, kwa kuwa unazijua 3 na 11, unaweza kukokotoa kwamba ufunguo wako ni 7. Pandisha 31 kwenye kipeo cha 7, unapata 27,512,614,111. Gawanya kwa 33. Inabaki 4. Fanyeni wenyewe kwa mkono; nimeona wanafunzi wengi wakinyamaza ghafla ile 4 inapotokea mwishoni.

Bila shaka mtoto yeyote ataipasua 33, yaani kuirudisha kuwa 3 na 11, na hapo atakuwa ameupata ufunguo. Namba zinazotumika leo kwa kawaida huwa na tarakimu 617, na hakuna anayejulikana kuwahi kuipasua namba ya ukubwa huo iliyotengenezwa vizuri. Hata hivyo, tuwe waangalifu na neno “haiwezekani”. Mwaka ule wa 1977 ilitangazwa hadharani namba ya tarakimu 129, na makadirio yalisema kuipasua kungechukua mabilioni ya miaka. Mwaka 1994 watu wa kujitolea wapatao 600 waliunganisha kompyuta zao kwa intaneti, wakaipasua kwa takriban miezi minane.

Mwaka huohuo fizikia nayo iliingia. Peter Shor, mtafiti wa Marekani, alionyesha kwamba kompyuta inayofuata kanuni za kwanta, yaani tabia za chembe ndogo kabisa za maada, ingeweza kuzipasua namba kama hizi kwa haraka. Siri yake iko kwenye marudio. Anza na 2, zidisha kwa 2 tena na tena, na kila mara andika baki la kugawanya kwa 15: 2, 4, 8, 1, kisha tena 2, 4, 8, 1. Mzunguko una hatua nne. Nenda nusu yake, hatua ya pili, utakuta 4. Toa 1 upate 3. Jumlisha 1 upate 5. Na 3 × 5 ni 15. Kwa namba ya tarakimu 617 mzunguko ni mrefu mno kwa kompyuta ya kawaida kuufuatilia, na ni hapo kwanta inapoweza kusaidia. Mwaka 2001 watafiti wa IBM waliifanya kazi hii kwa namba hiyohiyo 15. Mashine ya kumudu tarakimu 617 haijaonekana hadharani, lakini mwezi Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilikwisha kutoa viwango vya kwanza vya makufuli mapya yasiyotegemea kuzidisha namba tasa.

Kwa nini haraka yote hiyo? Kwa sababu mwizi anaweza kuyarekodi mawasiliano ya leo, akayatunza, akayafungua siku mashine itakapopatikana.

Lakini niseme ninachokiona nikitembelea nyumba za wageni, maana kinaniuma. Hisabati imeibeba namba ya kadi salama kutoka Ulaya hadi kaunta ya mapokezi. Pale kaunta imenakiliwa kwa kalamu ya bluu kwenye daftari la kuandikisha wageni, pamoja na tarakimu tatu za nyuma ya kadi, na daftari liko wazi. Kanuni za kimataifa za usalama wa kadi zinakataza kuzihifadhi tarakimu hizo tatu baada ya malipo kuidhinishwa, hata kwenye karatasi. Picha za pasipoti nazo zimejaa kwenye simu ya zamu, inayoshikwa na yeyote aliye kazini. Taarifa hizo Tanzania zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Tukianza kazi na hoteli, daftari hilo ndilo tunaloomba kuliona kwanza, kisha simu ya zamu. Kadi iliyoibiwa, benki huifunga na kutoa nyingine. Tarehe ya kuzaliwa ya mgeni haina mbadala, kwa hiyo picha za pasipoti zisizohitajika tena tunazifuta siku hiyohiyo, meneja akiwa amekaa nasi.