Supu za mataifa: yanayosemwa na yanayotokea sufuriani

Supu nyingi za ugenini huharibika kwa sababu mpishi amechukua kanuni ya supu moja akaipeleka kwa nyingine. Aliyezoea kuchemsha mifupa ya ng'ombe saa nzima baada ya saa ataichemsha miso, rojo la soya la Kijapani, mpaka ipoteze harufu. Aliyefundishwa kupika kwa moto mdogo ataionea huruma bouillabaisse, supu ya samaki ya Ufaransa, na bila moto mkali hiyo haiwi. Dhana zifuatazo nyingi zinatokana na kosa hilo.

"Supu nzuri hupikwa kwa moto mdogo tu"

Moto mdogo ni wa supu inayotakiwa iwe angavu. Pho ya Vietnam ndiyo mfano. Kwa kilo 2 za mifupa ya ng'ombe na lita 5 za maji, kwanza mifupa huchemshwa kwa nguvu dakika 5 hadi 10, kisha maji yote humwagwa, na mifupa na sufuria huoshwa. Wengi huruka hatua hii wakidhani wanamwaga ladha. Kinachomwagwa ni damu na protini zinazoganda kuwa povu la kijivu, na povu hilo likisambaa ndani ya mchuzi halitoki tena kwa kuchuja. Baada ya hapo anza upya na maji baridi, engua povu linalopanda, kisha punguza moto mpaka yaonekane mapovu machache tu yanayopanda taratibu. Acha hivyo saa 6 au zaidi.

Tangawizi na vitunguu hubanikwa juu ya moto mpaka maganda yawe meusi, halafu maganda huondolewa. Mdalasini, karafuu na anisi yenye umbo la nyota hukaangwa bila mafuta, hufungwa kwenye kitambaa safi na kutiwa saa ya mwisho. Vikikaa humo tangu mwanzo, karafuu hutawala na mchuzi hunuka kama dawa.

Sasa ichukue tonkotsu, mchuzi wa mifupa ya nguruwe unaotumika kwenye ramen, yaani tambi za mchuzi, ya Fukuoka, Japani. Mifupa huoshwa vilevile, lakini baada ya hapo huchemshwa kwa fujo, mara nyingi saa 12 au zaidi, na maji huongezwa kila yanapopungua. Weupe wake huwafanya watu waamini kuna maziwa ndani. Hakuna hata tone. Mchemko mkali huvunja mafuta kuwa chembe ndogo sana, na jelatini inayotoka kwenye mifupa huzizuia zisirudi kuungana. Ukipunguza moto kwa kudhani unaokoa ladha, mafuta hupanda juu na chini hubaki maji ya kahawia.

Bouillabaisse ya Marseille, Ufaransa, hutumia nguvu hiyohiyo kwa muda mfupi. Mafuta ya zeituni, nyanya, shamari, zafarani na mchuzi wa samaki huchemshwa kwa kasi ili mafuta na maji yashikane. Samaki wenye nyama ngumu hutangulia, wale laini huingia dakika chache za mwisho. Wapo wanaodhani ni supu ya samaki yeyote aliyebaki. Ilianza kweli kama chakula cha wavuvi, lakini mkataba ulioandikwa na wenye migahawa wa Marseille mwaka 1980 unataka angalau aina nne za samaki kutoka kwenye orodha yake.

"Miso huchemshwa kama viungo vingine"

Miso ni maharage ya soya yaliyochachushwa, na harufu yake huruka haraka ikikutana na mchemko. Kwanza tengeneza dashi, mchuzi wa msingi wa supu hii: gramu 10 za mwani wa kombu kwenye lita 1 ya maji, loweka nusu saa, pasha polepole, kisha utoe kombu kabla maji hayajachemka, kwani ukichemka hutoa utelezi na uchungu. Maji yakianza kuchemka zima moto, tia gramu 20 hadi 30 za katsuobushi, yaani samaki mkavu aliyeparwa, subiri dakika 2, chuja bila kukamua.

Tofu na mboga huiva ndani ya dashi. Mwisho kabisa, moto ukiwa umezimwa, koroga miso ndani ya upawa wenye mchuzi kidogo mpaka iyeyuke, halafu irudishe sufuriani. Kijiko kimoja cha chakula kwa bakuli la mililita 200 kinatosha. Na utamu wa supu hii hautoki kwenye miso peke yake: ni kombu iliyompa mkemia wa Japani Kikunae Ikeda glutamati mwaka 1908, na ladha hiyo akaiita umami.

"Borscht ni supu nyekundu ya Kirusi"

Tarehe 1 Julai 2022, UNESCO iliandikisha upishi wa borscht wa Ukraine kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Hupikwa pia nchi jirani, na si zote nyekundu: ipo ya kijani inayopikwa kwa majani machachu ya porini wakati wa masika, na Poland wana nyeupe inayotokana na unga uliochachushwa. Jina lenyewe linatoka kwenye mmea wa mwituni uliokuwa ukichachushwa kabla bitiruti haijachukua nafasi.

Kinachowashinda wengi ni rangi. Inaanza zambarau ya kupendeza, nusu saa baadaye ni kahawia. Rangi ya bitiruti huharibiwa na joto la muda mrefu, na hudumu zaidi penye uchachu. Kwa hiyo bitiruti, kama nusu kilo, hukatwa vijiti na kukaangwa pembeni kwa mafuta pamoja na kijiko kimoja au viwili vya siki. Lakini uchachu huohuo hufanya kiazi kibaki kigumu hata ukikichemsha saa nzima, na hapo ndipo mpangilio una maana: viazi kwanza mpaka vilainike, kisha kabichi, bitiruti mwisho. Baada ya kuitia, dakika 5 hadi 10 za moto mdogo, basi.

"Gazpacho ni supu ya nyanya iliyopoa"

Nyanya zilifika Hispania kutoka Amerika katika karne ya 16. Supu baridi za Andalusia, kusini mwa nchi hiyo, zilikuwapo kabla, za mkate mkavu, kitunguu saumu, mafuta ya zeituni na siki. Ajo blanco, yenye lozi, bado inapikwa hivyo. Onja chumvi baada ya supu kupoa kwenye friji, maana ubaridi hufifisha ladha.

"Kila kilichomo kwenye tom yum huliwa"

Katika supu hii ya Thailand, mchaichai, khulinjani na majani ya mndimu ni vya kunukisha. Vitafute kwa ulimi uone vilivyo vigumu, kisha viweke pembeni. Maji ya ndimu hutiwa moto ukishazimwa. Yakichemka, harufu yake mbichi huisha.

"Supu ni kitu chepesi cha kufungulia mlo"

Nchini Nigeria, egusi huitwa supu na ni nzito kiasi cha kuchotwa kwa kiazi kikuu kilichotwangwa. Mbegu za egusi, za jamii ya matikiti, zilizosagwa, gramu 250, hukandwa kwa maji kidogo na kudondoshwa kwa mabonge kwenye mawese yenye moto na pilipili. Funika, usikoroge kwa dakika 10 hivi. Anayekoroga mapema hupata uji badala ya mabonge. Haiti nako, soup joumou ya boga, nyama, viazi na tambi ndiyo mlo wenyewe wa tarehe 1 Januari. Watumwa waliipika na wenye mashamba wakaila. Tangu uhuru wa 1804 ni ya Wahaiti wote.

"Supu iliyolala jikoni ni salama ukiichemsha asubuhi"

Katika hili supu zote ni sawa. Mbegu za baadhi ya bakteria hustahimili mchemko, huota supu inapokuwa vuguvugu, na nyingine huacha sumu isiyoharibiwa na moto. Sufuria ya lita 5 ikiachwa ilivyo hubaki vuguvugu kwa saa nyingi. Igawe kwenye vyombo vipana, kina kisizidi sentimita 5, viweke ndani ya maji ya barafu na ukoroge. Ishuke chini ya nyuzi 21 ndani ya saa 2, na chini ya nyuzi 5 ndani ya saa 4 zinazofuata.