Umejisajili SHA, lakini je, umelipiwa?

Tangu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma nchini Kenya, ichukue nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, swali ninaloulizwa zaidi ni hili: "Nilijisajili kwa *147#, mbona mke wangu alipolazwa tukadaiwa pesa?"

Jibu limo kwenye sheria yenyewe. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliunda hazina tatu. Ya kwanza, kwa pesa za serikali, inalipia huduma za msingi kwenye zahanati na vituo vya afya, na hapo usajili unatosha. Ya pili ni SHIF, inayogharamia kulazwa na upasuaji. Hii inataka mchango. Ya tatu hulipia dharura, na magonjwa sugu pale SHIF inapoishia.

Mwenye mshahara hana hesabu ndefu: asilimia 2.75 hukatwa kabla hajaigusa. Mimi naunga mkono makato haya ingawa yameniuma. Enzi za NHIF, wa shilingi 100,000 alilipa 1,700, na wa 500,000 akalipa hizo hizo. Sasa wa kwanza analipa 2,750, wa pili 13,750. Wa 20,000 ameshuka kutoka 750 hadi 550. Kelele zilitoka upande gani, kisia mwenyewe.

Shida iko kwa mama mboga, mtu wa bodaboda na fundi wa jua kali, ambao ndio wengi nchini. Hawana mwajiri wa kuwakata, kwa hiyo kipato chao hukadiriwa kwa maswali: paa la nini, ukuta wa nini, choo cha aina gani, maji mnatoa wapi, mnapikia nini. Mchukue mpangaji wa chumba kimoja kwenye ploti ya mawe Githurai. Ukuta wa mawe, choo cha kuvuta maji, stima ipo. Kwenye fomu anaonekana ana uwezo, ilhali choo chenyewe anagawana na majirani na kodi ya mwezi bado hajalipa.

Hata akipangiwa kiwango cha chini kabisa, shilingi 300 kwa mwezi, anatakiwa atoe ya mwaka mzima kwa mpigo: 3,600. Sababu naielewa. Wengi walilipa NHIF wakishaugua, wakipona wakaacha, na hakuna bima inayodumu hivyo. Lakini anayenunua mafuta ya kupima hana bajeti ya mwaka. Ndiyo maana kukaletwa Lipa SHA Pole Pole: akopeshwe mchango, arudishe kidogo kidogo. Yaani tunampa deni ili apate bima!

Thailand iliwauzia watu wa aina hii kadi ya bima ya hiari kwa karibu miaka 20. Wagonjwa walinunua, wazima wakakaa kando. Mwaka 2002 ikapitisha sheria ya kumlipia kwa kodi kila asiye na bima ya kazini. Ghana nayo hutegemea zaidi tozo ya asilimia 2.5 kwenye bidhaa na huduma. Mama mboga wetu tayari hulipa VAT kila anaponunua sabuni. Kwangu mimi, mchango wake ungetoka huko.

Kwa sasa, jambo moja wengi hawalijui: makato yako yanamhusu mwenzi wako na watoto, si wazazi. Wazee kijijini ni kaya yao, wana maswali yao ya kujibu, na ile nyumba ya matofali uliyowajengea itaingia kwenye hesabu ya uwezo wao.