Vitabu viko kabatini, ufunguo anao maalim

Mie nashika maktaba ya skuli ya sekondari huku Pemba mwaka wa tisa huu, na kila akija mgeni swali ni hilohilo, eti kwa nini vijana hawasomi. Wanasoma bwana! Usiku kucha wako kwenye simu wanasoma status za watu, ugomvi wa mpira, na zile hadithi za Facebook zinazokatwa pale palipo patamu ukaambiwa sehemu ya 14 kesho, na hiyo kesho alfajiri haijaingia wameshaamka kuitafuta. Kusoma wanakujua, kitabu ndicho tulichokiharibu wenyewe.

Nilipopokea maktaba ilikuwa makabati mawili ya bati yana kufuli, ufunguo anao maalim mmoja, na maalim huyo akenda Unguja kwenye kozi wiki mbili basi tena. Ukiuliza, vitabu vitaibiwa. Nikafungua. Mwaka wa kwanza vikapotea 11, na viwili kati ya hivyo nyumba vilipo naijua, dada mtu kasoma, mama mtu anasomewa, sasa hicho kimepotea au kimefika? (Mkuu wangu hajakubaliana na mie mpaka leo.)

La pili ni lugha. Mtoto akiingia fomu 1 anakuta masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza, kusoma kunakuwa kazi ya kamusi, akifika mwisho wa sentensi mwanzo kashausahau. Mtu huyo ukimpa riwaya ya Kiingereza ya kurasa 200 umemkomesha. Mie naanza na Kiswahili, tena cha kwetu. Bwana Msa, yule mpelelezi wa Mohamed Said Abdulla, yuko vitabuni tangu 1960 na bado anawakamata, maana anazungumza kama babu zao. Na Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Nobel ya fasihi 2021 darasa zima lilijigamba wa kwetu yule, nikauliza nani kamsoma, kimya. Ilipotoka Peponi, yani riwaya yake Paradise kwa Kiswahili, nikanunua nakala moja tu kwa pesa yangu, sasa gamba limeachia na foleni bado ipo.

Ninavyofanya ni hivi. Kipindi cha mwisho, wamechoka, nawasomea kwa sauti dakika kumi hivi, nikifika pale mlango unagongwa usiku wa manane nafunga kitabu, nakiacha mezani, natoka zangu. Siulizi fundisho wala sitaki muhtasari. Kijana mmoja aliniambia, maalim, mie nikijua ntaulizwa dhamira basi nasoma dhamira, hadithi yenyewe siioni. Mtihani una siku zake, nafundisha na hayo, lakini siyachanganyi na hizi dakika kumi.

Wasichana wana lao, wakitoka skuli kuna chuo cha Kurani, wakitoka chuo kuna jiko, hao nawapa vyembamba vya kumaliza kwa vipande vipande.

Halafu kuna msimu wa karafuu. Mahudhurio yanashuka, walimu wenzangu wanalalamika, na haki yao, ila mie nikaona hawa watoto wakenda wende na kitabu. Usiku kule watu wamekaa jamvini wanachambua, karafuu huku makonyo, yani vikonyo vyake, kule, mikono ina kazi lakini masikio yako bure, na zamani hapo ndipo bibi alipoanza paukwa watu wakaitika pakawa. Siku hizi kila mtu na simu yake. Basi mwaka jana binti wa fomu 3 akachukua Bwana Msa akawa anawasomea wakichambua, sura moja kwa usiku, nasikia wazee walibishana muuaji nani mpaka kazi ikasimama wakagombezwa na mwenye karafuu. Kitabu kilirudi kinanuka karafuu, kina alama za vidole kila ukurasa, pamoja na salamu za babu yake: maalim, kama kipo chengine cha huyuhuyu Msa tuletee, msimu haujesha.